India na China: kwa nini majeshi yenye nyuklia yapigane kwa marungu juu ya mlima, na kwa nini mpaka wao haupati suluhu?

#1 Mgumu wa Marangu (Moshi)

Wakuu, salaam. Nimebeba mizigo Kilimanjaro kwa miaka kumi na mmoja na sasa ninaongoza wageni, kwa hiyo naomba nianzie mahali ninapopafahamu. Pale kambi ya Kibo, kwenye mita 4,720, maji yanachemka upesi lakini chakula hakiivi, mgeni mwenye afya njema anahema kwa kufunga kamba za viatu tu, na kile kipimo cha kidoleni ambacho mjini husoma 98 kinaweza kusoma 80 au chini ya hapo. Mtu akianza kuyumba na kusema maneno yasiyoungana hatubishani naye, tunamshusha usiku huohuo.

Sasa nimesoma habari za usiku wa tarehe 15 Juni 2020 katika bonde la Galwan huko Ladakh, kaskazini kabisa mwa India. Askari wa India na wa China walipigana kwenye kimo kama hicho kwa mawe, marungu na vyuma vilivyopigiliwa misumari. Hakuna risasi iliyofyatuliwa, lakini India ilipoteza askari 20, akiwemo kamanda wa kikosi, Kanali Santosh Babu. Jeshi lao lilieleza kwamba 17 kati ya hao walikuwa majeruhi mahututi waliopigwa na baridi iliyo chini ya sifuri. Hilo limenikaa moyoni, kwa sababu nimewahi kumkanda mikono mpagazi aliyelowa mvua juu ya Horombo, nikamwona akiacha kutetemeka, na kwetu sisi mtu anayeacha kutetemeka ndiye wa kuogopewa zaidi.

Nina maswali mawili. Nani aliwakataza kutumia bunduki walizokuwa nazo mgongoni? Na kwa nini mataifa mawili makubwa yaliyokaa jirani miaka yote hii yameshindwa kukubaliana mstari unapita wapi?

#2 Nyota ya Njoro (Moshi)

Nikusahihishe kidogo, kaka. Galwan iko kwenye takriban mita 4,250, kwa hiyo mfano wake ni ule uwanda mkavu kati ya Mawenzi na Kibo, bado hujafika Kibo penyewe. Ila usihuzunike, kwa sababu uwanja wa ndege wa kijeshi wa India uliopo Daulat Beg Oldi, karibu na njia ya Karakoram, uko juu ya mita 5,000. Hapo umeshaipita Kibo na unaelekea Gilman's.

Kuhusu bunduki, jibu lipo katika mkataba wa mwaka 1996. Nchi hizo zilikubaliana kwamba hakuna upande utakaofyatua risasi, kulipua baruti wala hata kuwinda kwa bunduki ndani ya kilomita mbili kutoka kwenye mstari wa udhibiti, yaani ule unaotenganisha ardhi ambayo kila jeshi linaishika. Mkataba wa 1993 uliotangulia ulikuwa umeshaahidi utulivu. Nia ilikuwa njema, na kweli tangu mwaka 1975, askari wanne wa India walipouawa Tulung La, hakuna aliyekufa kwa risasi kwenye mpaka huo. Tatizo ni kwamba mkataba ulizuia risasi bila kuzuia hasira.

#3 Mwalimu wa Ngaramtoni (Arusha)

Ahsante kwa mada. Naomba niweke msingi, maana tusipojua mistari yenyewe tutazunguka.

Mpaka huo una vipande vitatu, na viwili ndivyo vyenye ugomvi mkubwa. Upande wa magharibi kuna Aksai Chin, uwanda mkame wa takriban kilomita za mraba 38,000 ambao uko mikononi mwa China na unadaiwa na India. Upande wa mashariki kuna jimbo la Arunachal Pradesh, takriban kilomita za mraba 90,000, ambalo liko mikononi mwa India na China inalidai ikiliita Tibet ya Kusini. Katikati kuna sehemu ndogo ndogo.

Kule mashariki mstari unaitwa McMahon, kwa jina la Henry McMahon, ofisa wa Uingereza aliyeongoza mkutano wa Simla mwaka 1913 hadi 1914. Waingereza na Watibeti walikubaliana, lakini serikali ya China ilikataa kutia saini na mpaka leo inasema Tibet haikuwa na mamlaka ya kuingia mkataba wa namna hiyo. Kule magharibi hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa Waingereza wenyewe walikuwa na zaidi ya mstari mmoja. Kuna ule uliotokana na mpimaji Johnson wa mwaka 1865, unaoiweka Aksai Chin upande wa India, na kuna ule waliowapelekea Wachina mwaka 1899, ambao unaiacha sehemu kubwa yake upande wa China. Wachina hawakujibu barua ile. India ilipopata uhuru mwaka 1947 ilirithi ramani ambayo kwenye eneo hilo ilikuwa imeandikwa tu kwamba mpaka haujaainishwa, na mwaka 1954 serikali ya Nehru ikachapisha ramani mpya yenye mstari kamili.

Hata urefu wa mpaka wenyewe hawakubaliani. India inasema mstari wa udhibiti una kilomita 3,488, China inasema ni kama 2,000.

#4 Fundi wa Majengo (Moshi)

Kwa hiyo ni Mwingereza yuleyule. Si ndiye Malkia Victoria aliyempa mjukuu wake Kaiser Mlima Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, ndiyo maana mpaka wetu na Kenya umepinda pale Rombo?

#5 Mwalimu wa Ngaramtoni (Arusha)

Fundi, hadithi hiyo ni tamu na wageni wanaipenda, lakini haina ukweli. Mstari uliwekwa katika makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, na wakati huo Wilhelm yule mjukuu wa Victoria hakuwa amekalia kiti. Aliyetawala alikuwa babu yake mzaa baba, na mjukuu alipata ufalme mwaka 1888. Wajerumani walikuwa na karatasi zao za mikataba na wakuu wa mlimani, mojawapo ikiwa ya Mangi Rindi wa Moshi ya mwaka 1885, na Waingereza walikuwa na madai yao Taveta. Wakagawana: mlima huku, Taveta kule, Mombasa kule.

Ninalotaka mlione ni tofauti. Mstari wetu ulichorwa kwa dhuluma, wenyeji hawakuulizwa, lakini mabwana wawili waliokuwepo waliukubali wote. Wa Himalaya ulichorwa na bwana mmoja, mwenzake akakataa.

#6 Mzee wa Rau (Moshi)

Vijana wangu, mnazungumzia jambo hili kana kwamba ni la mbali, na mimi nashangaa hakuna aliyetaja kwamba lilifika hapa hapa Moshi. Mwezi Februari 1963 ulifanyika mjini kwetu mkutano wa tatu wa mshikamano wa watu wa Afrika na Asia. Mwalimu Nyerere alikuja kuufungua, akaonya juu ya kinyang'anyiro cha pili cha kuigombea Afrika. Vita vya India na China vilikuwa vimesimama miezi mitatu tu kabla yake, na wajumbe wa nchi hizo mbili walikaa ukumbi mmoja. Wachina na Warusi nao walikuwa wameanza kurushiana maneno.

Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu. Tulipangwa barabarani kupunga mikono, na ninachokumbuka kwa macho yangu ni magari meusi yaliyooshwa mpaka yanang'aa, na mama mmoja wa Kihindi, mke wa mwenye duka la vitambaa, aliyesimama karibu na mwalimu wetu akiuliza kwa wasiwasi gari la Wachina ni lipi. Mwalimu hakumjibu. Alituambia tuendelee kupunga, wote ni wageni wetu.

#7 Binti Kiboriloni (Moshi)

Shikamoo mzee. Hilo la mkutano sikuwahi kufundishwa shuleni, na nimezaliwa hatua chache kutoka hapo.

#8 Mkalimani wa Sekei (Arusha)

Mzee amenifungulia njia. Kabla ya mkutano wa Moshi, Desemba 1962, nchi sita zisizofungamana zilikutana Colombo kusuluhisha: Ceylon (Sri Lanka ya leo), Burma (Myanmar ya leo), Kambodia, Indonesia, Misri na Ghana. Zilipendekeza kwamba upande wa magharibi Wachina warudi nyuma kilomita 20 na Wahindi wabaki walipo. India ilikubali, China ikasema inakubali kimsingi lakini kwa masharti, na jambo likaishia hapo.

Mimi ninaona kiini cha mgogoro ni siasa za ndani, ramani ni kisingizio. Aprili 1960 Waziri Mkuu wa China, Zhou Enlai, alikwenda Delhi, na ilieleweka wazi kwamba China ingeweza kuishi na mstari wa mashariki kama India ingeiachia Aksai Chin. Kila mmoja angebaki na alichokishika. Nehru hangeweza kulipokea hilo hata kama angetaka, kwa sababu Dalai Lama, kiongozi wa dini wa Watibeti, alikuwa amekimbilia India mwaka mmoja nyuma yake, askari wa India walikuwa wameshauawa Kongka mwezi Oktoba 1959, na bunge na magazeti vilikuwa vinawaka moto. Tarehe 14 Novemba 1962, vita vikiwa bado vinapiganwa, bunge la India lilipitisha azimio la kumwondoa adui katika kila shubiri ya ardhi yake. Tangu siku hiyo, kiongozi yeyote wa India atakayekubali kuachia kipande atasomewa azimio hilo. Na upande wa Beijing nako, chama kilichojijenga kwa kusema kimefuta aibu ya mikataba ya wakoloni kitaukubalije mstari wenye jina la McMahon?

#9 Mgumu wa Marangu (Moshi)

Mkalimani, hapo umenigusa, kwa sababu naijua hali hiyo katika kipimo cha kihamba, shamba letu la ukoo.

Babu yetu aliwagawia watoto wake wawili kihamba kimoja, akapanda masale, mimea yetu ya mpaka, katikati kama ilivyo desturi. Baba mkubwa alipofariki, mtu akayang'oa masale kwa urefu wa migomba minne. Tulikuta mashimo mabichi, udongo mwekundu umemwagika juu ya majani makavu, na hakuna aliyekiri. Eneo lenyewe halizidi kitanda na meza. Baba yangu na mtoto wa kaka yake wangeweza kumaliza jambo hilo kwa kahawa, na najua baba alitaka, lakini shangazi na majirani walikuwa wameshasema maneno, na kila mmoja akaogopa kuitwa aliyeuza damu ya babu. Miaka tisa imepita na ile sehemu haijalimwa na mtu yeyote.

#10 Nyota ya Njoro (Moshi)

Pole, kaka, lakini mimi simwafiki Mkalimani. Siasa za ndani hazielezi kwa nini mambo yanalipuka mwaka fulani na si mwingine. Tazameni barabara.

China ilijenga barabara ya kuunganisha Xinjiang na Tibet kupitia Aksai Chin, ikakamilika mwaka 1957, na India ikaja kugundua kazi ikiwa imeisha. Bila barabara ile Beijing ingepata shida kubwa kuishikilia Tibet ya magharibi. Kwa hiyo uwanda ambao Nehru mwenyewe aliwahi kulieleza bunge kwamba hauoti hata jani, kwa China ulikuwa mshipa wa damu. Mwaka 2017 ugomvi wa Doklam ulianza Wachina walipotaka kurefusha barabara kwenye uwanda unaodaiwa na Bhutan, karibu na ule ujia mwembamba unaoliunganisha eneo la kaskazini mashariki na India nyingine, na majeshi yakakaa uso kwa uso siku 73. Mwaka 2020 ilikuwa zamu ya India, iliyokuwa imekamilisha barabara ya kilomita 255 kutoka Darbuk kupitia Shyok hadi Daulat Beg Oldi, ambayo inapita mdomoni mwa bonde la Galwan. Anayejenga barabara anabadilisha mizani, na mwenzake lazima ajibu kabla lami haijakauka.

#11 Mwalimu wa Ngaramtoni (Arusha)

Nyota, hoja yako ni nzito, ila umeruka tukio moja. Agosti 2019 serikali ya Modi iliondoa hadhi maalumu ya Jammu na Kashmir, ikaitenga Ladakh kuwa eneo linalotawaliwa moja kwa moja na Delhi, na waziri wa mambo ya ndani akasema bungeni kwamba Aksai Chin ni sehemu ya Kashmir. China ilipinga hadharani. Wapo wataalamu wanaoona Galwan ilianzia katika karatasi hizo, na wapo wanaoona kama wewe kwamba ilianzia katika lami. Sidhani kama tunaweza kuzitenganisha.

#12 Jirani wa Kijenge (Arusha)

Naomba kuuliza kwa unyenyekevu. Tunakaa Arusha, mji uliojaa mahakama na mikutano ya usuluhishi, hapa Warundi walitia saini makubaliano yao mwaka 2000. Kwa nini hawa hawaendi mahakamani? Nigeria na Kameruni walikwenda The Hague kwa ajili ya Bakassi, hukumu ikatoka mwaka 2002, na Nigeria pamoja na ukubwa wake ikaondoka.

#13 Mkalimani wa Sekei (Arusha)

Jirani, swali zuri. Mahakama ya Kimataifa ya Haki haiwezi kumwita mtu asiyekubali kuitwa. China haijakubali mamlaka ya lazima ya mahakama hiyo, na India imeyakubali ikiwa imetoa mashauri ya mipaka nje ya ukubali wake. Mwaka 2016 China ilipohukumiwa na baraza la usuluhishi katika shauri la Ufilipino juu ya Bahari ya China Kusini, ilisema hukumu ile ni batili. India nayo, kwa sababu ya ugomvi wake na Pakistan juu ya Kashmir, haipendi mtu wa tatu akalie meza yake ya mipaka. Badala ya mahakama, tangu mwaka 2003 kila nchi imeteua mwakilishi maalumu, nao wamekutana zaidi ya mara ishirini.

#14 Binti wa Mpiganaji (Moshi)

Mwisho wa mwaka 1978 baba yangu aliitwa kwenda Kagera, kwa hiyo ninapozungumzia ulinzi sizungumzii jambo la vitabuni.

Idi Amin alivuka mpaka, akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya Mto Kagera ni la Uganda, na Mwalimu Nyerere akasema uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Lakini baba alisema daima kwamba uwezo ndio uliochukua muda, kwa sababu vikosi vilikuwa mbali, magari yalibidi yakusanywe, daraja la Kyaka lilikuwa limevunjwa, na watu wa Kagera ndio waliolipa gharama ya majuma yale.

India ya mwaka 1962 ni somo hilohilo kwa ukubwa wa kutisha. Kuanzia Novemba 1961 serikali iliagiza vituo vidogo vya askari visogezwe mbele kwenye ardhi yenye ugomvi, kwa imani kwamba China haitapigana. Waziri wa Ulinzi, Krishna Menon, alikuwa na mvutano na majenerali wake. Tarehe 20 Oktoba 1962 Wachina walishambulia pande zote mbili, na askari wengi wa India walikuwa wametolewa nyanda za joto wakapandishwa juu moja kwa moja wakiwa na sare za pamba, viatu vya turubai na bunduki za enzi za Mwingereza. Pale mto Namka Chu brigedi nzima ilisambaratishwa na kamanda wake, Brigedia John Dalvi, akatekwa. Pale Rezang La, tarehe 18 Novemba, kampuni moja ya kikosi cha Kumaon chini ya Meja Shaitan Singh ilipigana hadi karibu wote wakafa, na miili ilikutwa baada ya majira ya baridi, imeganda, baadhi bado imeshika silaha. Tarehe 21 Novemba China ikatangaza kusimamisha vita, ikarudi nyuma kule mashariki, ikabaki na Aksai Chin. Menon alikuwa ameshaondoka madarakani, na uchunguzi wa jeshi uliofanyika baadaye serikali ya India haijautangaza hadi leo.

Mgumu, wewe unajua maana ya kumpandisha mtu siku moja bila kuzoea hewa. Hao walipandishwa wakapewa na vita juu yake.

#15 Mgumu wa Marangu (Moshi)

Dada, nimesoma mara mbili. Mgeni wetu analipa pesa nyingi ili apande kwa siku sita au saba, pole pole, akinyweshwa maji kila saa, na bado wengine tunawashusha kwa machela. Kumpandisha kijana haraka na bunduki na viatu vya turubai ni kumpeleka akafe hata kama adui hayupo.

#16 Mwenye Duka la Vipuri (Arusha)

Niongeze upande wa fedha. Taasisi ya SIPRI ya Stockholm ilikadiria kwamba mwaka 2024 China ilitumia dola bilioni 314 kwa jeshi, na India bilioni 86. Pengo hilo ndilo linaloendesha siasa za ulinzi za India. Baada ya Galwan ndege za kivita za Rafale kutoka Ufaransa zilipokelewa kwa shangwe kubwa, mitambo ya S-400 ya kutungulia ndege na makombora ikaendelea kununuliwa Urusi ingawa Marekani ilinuna, na handaki la Atal lenye kilomita 9 likafunguliwa Oktoba 2020 ili njia ya kwenda Ladakh isizibwe na theluji. Juni 2022 serikali ikaanzisha mpango wa kuajiri askari kwa miaka minne tu na kubakiza robo yao, na vijana wa Bihar wakachoma mabehewa ya treni, maana kwa familia nyingi za vijijini kule, jeshi ni ajira na pensheni kabla ya kuwa ulinzi.

Na mimi kwenye duka langu, boksi la juu limetoka China, boksi la chini limetoka India, yananunuliwa na fundi mmoja. India yenyewe ilifungia TikTok na programu nyingine 58 za China majuma mawili baada ya Galwan, lakini biashara kati yao ikaendelea kukua. Ndiyo maana sioni vita vikubwa vikija.

#17 Mtani wa Same (Moshi)

Watani zangu Wachaga mmezungumza ardhi, barabara na fedha, mkasahau maji, ninyi mnaojivunia mifongo, ile mifereji yenu ya mlimani! Mto unaoitwa Yarlung Tsangpo huko Tibet unakunja kona na kuingia Arunachal Pradesh, halafu unakuwa Brahmaputra. Julai 2025 China ilianza rasmi ujenzi wa bwawa karibu na kona hiyo, linalokusudiwa kufua takriban megawati 60,000. Bwawa letu la Julius Nyerere lina megawati 2,115, kwa hiyo pigeni hesabu. Nchi hizo hazina mkataba wa kugawana maji. Zilikuwa na makubaliano ya kupeana takwimu za mafuriko, na mwaka 2017, mwaka wa Doklam, takwimu hazikufika. Mtu aliye chini ya mfereji halali usingizi kama hajui wa juu anafanya nini na lango.

#18 Nyota ya Njoro (Moshi)

Mtani, bwawa ni hofu ya sasa na ya mbele, ila haliwezi kuwa chanzo cha ugomvi ulioanza miaka sitini na zaidi iliyopita. Hata hivyo naikubali hesabu yako.

#19 Mchungaji wa Longido (Arusha)

Hakuna aliyewataja wafugaji. Kwetu Longido, mvua ikikosekana, ng'ombe wanavuka kwenda Kajiado, na wa Kajiado wanakuja kwetu, na wazee wanajua nani amewaita nani. Askari akikuta ng'ombe ni kesi, lakini malisho hayafungwi.

Kule Ladakh, baada ya mwaka 2020 majeshi yalikubaliana kurudi nyuma na kuacha maeneo ya katikati yasiyokanyagwa na doria ya upande wowote, kwenye Galwan, Ziwa Pangong, Gogra na Hot Springs. Jeshi linaliita jambo hilo mafanikio. Lakini wafugaji wa Chushul, wenye mbuzi wa pashmina, wamelalamika kwamba sehemu ya malisho yao ya majira ya baridi imo ndani ya maeneo hayo. Januari 2024 ilisambaa video ya wachungaji wakibishana na askari wa China uwandani, wakiwaonyesha kwa mikono kwamba hapo ni kwao. Niliitazama na wazee wawili wa boma letu. Mmoja aliniuliza mbuzi wale wamekula siku ngapi mahali pamoja, maana nyasi zilionekana zimekwisha.

#20 Fundi wa Majengo (Moshi)

Lakini si mambo yamekwisha? Oktoba 2024 walitangaza makubaliano, Modi na Rais Xi wa China wakakutana Kazan, Urusi, na mwaka 2025 ndege za moja kwa moja zimerudi.

#21 Mkalimani wa Sekei (Arusha)

Fundi, kilichokubaliwa tarehe 21 Oktoba 2024 ni utaratibu wa doria katika sehemu mbili zilizokuwa zimebaki, Depsang na Demchok. Mpaka haukuguswa. Makumi ya maelfu ya askari waliopandishwa mwaka 2020 wengi wao bado wako juu. China ina sheria yake ya mipaka ya nchi kavu iliyoanza kutumika Januari 2022 na inajenga vijiji karibu na mstari, na India nayo ina mpango wake wa vijiji vya mpakani tangu mwaka 2023.

#22 Mwalimu wa Ngaramtoni (Arusha)

Naomba niongeze neno moja. Julai 1964 mjini Cairo, viongozi wa Afrika walipitisha azimio la kuheshimu mipaka iliyokuwepo siku ya uhuru, na nchi yetu ndiyo iliyoliwasilisha. Somalia na Moroko walikataa. Wapo wanaoliona azimio lile kuwa ni kuikubali kalamu ya mkoloni, na huwa nabishana nao darasani kila mwaka. Asia haikuwahi kuwa na kikao cha namna hiyo.

#23 Mzee wa Rau (Moshi)

Mwalimu, nakuheshimu, lakini azimio halikumzuia Amin.

#24 Binti wa Mpiganaji (Moshi)

Halikumzuia, mzee, lakini ndilo lililotupa cha kusema mbele ya wenzetu. Baada ya vita, jeshi letu lilirudi na mstari ukabaki pale pale Mutukula.

#25 Mgumu wa Marangu (Moshi)

Wakuu, nawashukuru. Nimepata sababu tano na kila moja inanishika. Naweka jambo moja nililolikuta usiku huu nikifuatilia habari ya Chushul aliyoitaja ndugu wa Longido.

Septemba 2020, majeshi yalipokuwa yameshika vilele kusini ya Ziwa Pangong mahali pasipo na barabara, wanakijiji wa Chushul, zaidi ya mia moja, walijitolea kuwapelekea askari vyakula mlimani. Kuna picha yao wakiwa wamefunga magunia ya mchele na madumu ya mafuta mgongoni, wamevaa sweta za nyumbani, wanapanda mteremko wa mawe matupu. Nilikuza picha ile kwenye simu nikatazama mikanda. Mmoja ameufunga mzigo kwa kamba moja tu, unavuta upande wa kushoto, na kwa jinsi alivyoinama naona unazidi kilo 20 ambazo sisi tunapimiwa getini. Mwandishi aliyepiga picha hakuandika uzito.

Kama kuna anayejua walilipwa nini, au kama upande wa China nako kuna Watibeti wa vijijini wanaobeba vivyo hivyo, naomba aandike hapa. Kesho alfajiri naanza Machame na wageni wanne, nitashuka baada ya siku saba.

#26 Binti Kiboriloni (Moshi)

Safari njema, kaka. Mzee wa Rau, nitapita kwako Jumapili baada ya ibada unionyeshe ni barabara ipi mlipangwa.

#27 Mzee wa Rau (Moshi)

Karibu, binti yangu. Njoo kabla ya saa nane, jua likiwa kali miguu hainifikishi mbali.